Kasha la zamani, bodi nyingine ndani: nichague lipi kati ya haya matatu?

Stesheni_Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Nina mazabodi ya B450M, prosesa Ryzen 5 5600G na ramu, vyote vizima. Kasha lake lilianguka dukani likapinda vibaya. Stoo nina makasha matatu ya kusimama: Dell OptiPlex 780, Dell OptiPlex 9020, na jeupe lisilo na jina la enzi za Pentium 4, lile la bati nene. Mashine ni ya duka la stesheni (vifaa vya kuandikia): kuchapa, skana, picha za pasipoti, inawaka asubuhi hadi saa mbili usiku. Kwa macho 9020 ndiyo nzuri na ndiyo mpya kuliko zote, nawaza kuitumia pamoja na pawasaplai yake. Mnashauri nini?

FundiNyaya
Pawasaplai ya 9020 iache kabisa, mkuu. Plagi yake kuu ina pini 8, bodi yako inataka 24. Inatoa volti 12 tu. Volti 5 na 3.3 zinatengenezwa na bodi ya Dell yenyewe, ndiyo maana ukiifungua utaona hata umeme wa diski unatokea kwenye bodi. Zile adapta za pini 24 kwenda 8 zinazouzwa madukani ni za kazi ya kinyume, kuipa bodi ya Dell umeme wa pawasaplai ya kawaida. Usije ukanunua ukidhani itakusaidia. HP EliteDesk 800 G1 ni hadithi hiyo hiyo, ila yake ni pini 6.

Chuma_Tandika
780 iondoe kwenye orodha. Ni BTX, mpangilio ambao Intel waliuleta katikati ya miaka ya 2000 wakitaka hewa ya mbele ipite moja kwa moja juu ya prosesa, kisha wakauacha. Bodi yake inakaa ubavu wa pili wa kasha. Ukiweka bodi ya kawaida, milango ya nyuma na nafasi za kadi havikutani na matundu. Toa feni na skrubu zake, zina kazi. Bati lililobaki ni la kupima kwa kilo.

DadaBodi
Kaka, mimi nakushauri kasha jeupe, na nitakueleza kwa nini, maana watu wengi huangalia mwaka wa kasha wakasahau kuangalia matundu.

ATX, ule mpangilio wa kawaida wa bodi na kasha, ilitoka mwaka 1995 na microATX, ndogo yake, ambayo ndiyo B450M yako, ikafuata 1997, na nafasi za skrubu hazijabadilika mpaka leo. Kasha la Pentium 4 linaipokea B450M kana kwamba zilitoka kiwanda kimoja. Dirisha la nyuma, linapotokea milango ya bodi, ni milimita 158.75 kwa 44.45, na lile bamba jembamba lililokuja na bodi yako linaingia palepale kwa kubonyezwa. Makasha mengi ya kampuni kubwa bamba hilo limechapwa kwenye bati lenyewe, kwa hiyo unaanza na mkasi wa bati kabla hata hujashika bodi.

Angalia nguzo za shaba zinazoinua bodi. Bodi nyingi za B450M ni nyembamba kuliko milimita 244 kamili, kwa hiyo safu ya kulia inaweza kukosa tundu. Nguzo yoyote isiyo na tundu juu yake ifungue uitoe, la sivyo itagusa nyuma ya bodi na kupiga shoti. Pembe ya kulia ikibaki inaning'inia, shikilia bodi kwa kidole unapochomeka plagi ya pini 24, maana ile inahitaji nguvu.

Hitisinki, kile chuma cha kupoza prosesa, ifunge bodi ikiwa bado mezani. Makasha ya zamani hayana dirisha nyuma ya prosesa, ukishaifunga bodi huwezi kushika kile kibamba cha nyuma.

Nyaya za mbele ni rahisi, kila moja imeandikwa. Utakwama kwenye taa ya umeme tu: plagi ya zamani ina upana wa pini 3 na ya katikati haina waya, bodi yako inataka pini 2 zilizokaribiana. Inua kile kiulimi cha plastiki kwa sindano, vuta waya wa pembeni, urudishe tundu la katikati.

Pawasaplai iliyomo usiitumie, hata kama inawaka. Zile za mwanzo zilijengwa nguvu yake iwe kwenye volti 5. Mashine za sasa zinakula karibu kila kitu kwenye 12. Nunua mpya yenye jina, wati 450 zinatosha sana kwa prosesa ya wati 65 isiyo na kadi ya picha.

Pwani_Tech
Naomba nimtetee 9020 kidogo. Hapa Mombasa nimeshalibadilisha kasha la namna hiyo na linafanya kazi mpaka leo. Bati ni imara, linafunguka bila bisibisi, na sura yake mteja anaiheshimu. Pawasaplai ya ukubwa wa kawaida inaingia. Kazi kubwa ni swichi ya mbele: nyaya zote zimekusanywa kwenye plagi moja ya Dell. Nilichukua mita, nikaiweka kwenye mlio, nikagusa pini mbili mbili huku nikibonyeza swichi. Pini mbili zinazolia ukibonyeza na kunyamaza ukiachia ndizo zenyewe. Nikaziunganisha na pini ya 6 na ya 8 kwenye kile kikundi cha pini za bodi kinachopokea swichi na taa za mbele.

DadaBodi
Na USB za mbele uliziacha au uliziunganisha?

Pwani_Tech
Niliziacha. Sikutaka kubahatisha, volti 5 ikienda kwenye waya wa data flashi ya mteja inaungua.

DadaBodi
Hapo ndipo duka la stesheni linapokwama. Kila mteja anakuja na flashi. Kuinama nyuma ya mashine mara zote hizo kutachosha mlango wa nyuma na mgongo wa mfanyakazi.

Mzee_Feni
Vijana, mmesahau joto. Kasha jeupe la siku zile mbele lina nafasi ya feni ya milimita 80, mara nyingi haina hata feni, na hewa inaingia kwa mwanya mdogo chini ya uso wa plastiki. Mashine inayowaka kutwa Dar es Salaam, tena karibu na mashine ya fotokopi inayotema joto, haitapenda. Toa kila kitu, hata uso wa plastiki. Chora duara upate nafasi ya feni ya milimita 120, matundu ya skrubu yakiwa na umbali wa milimita 105 kati yake. Kata, piga tupa kingo zote, kisha pangusa kwa kitambaa chenye maji na uache likauke. Chembe moja ya chuma ikibaki itatafuta bodi. Mbele ya feni weka wavu mwembamba wa dirishani, uuoshe vumbi likijaa.

Stesheni_Mbagala
Shikamoo Mzee, na asanteni wote. Naenda na kasha jeupe. Swali la mwisho: kasha lile lilipokuwa likitumika, ukiligusa ukiwa peku lilikuwa linatekenya vidole. Ni bovu?

Mzee_Feni
Marahaba. Kasha halina kosa, soketi ya ukutani haina waya wa ardhi. Kichujio ndani ya pawasaplai kinapeleka umeme kidogo kwenye bati, na kama hakuna ardhi unaupokea wewe. Ukibadilisha kasha bila kushughulikia ukuta, jipya nalo litakutekenya, na USB ya mteja itaupokea pia.

FundiNyaya
Na usitumie ile plagi ya pini mbili kwenye kebo ya mashine. Waya wa ardhi unakatika hapohapo hata kama ukuta unao.

Stesheni_Mbagala
Kumbe ndiyo niliyokuwa natumia. Fundi umeme anakuja Jumamosi kuangalia ukuta, Jumapili duka limefungwa nitakata bati. Nitaweka picha za uso wa mbele kabla sijaurudisha, Mzee uukague ule wavu.