Naomba ushauri: nguzo ya 5.37 GeV, nimjibu nini mwanafunzi?

Mwalimu_Mikindani:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha fizikia sekondari hapa Mtwara, na wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanachambua data huria za kigunduzi cha CMS cha CERN, maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya. Tulichukua faili la matukio (migongano ya chembe) 100,000 yenye muoni mbili, chembe zilizo kama elektroni ila nzito zaidi, tukakokotoa tungamo la kila jozi kutokana na nishati na momenta zake, na histogramu, mchoro ambao kila nguzo yake huhesabu matukio ya tungamo fulani, ikasimamisha kilele karibu na 3.1 GeV (kipimo cha tungamo la chembe, sawa na MeV 1,000), yaani mesoni J/psi, chembe iliyoundwa na kwaki na antikwaki. Furaha yetu ilikuwa kubwa. Hata hivyo, upana wa asili wa J/psi, yaani mtawanyiko wa tungamo ulio wa chembe yenyewe, ni takriban 0.093 MeV tu, ilhali kilele chetu kimetanda makumi ya MeV. Je, tumekosea hesabu? Isitoshe, kwenye 5.37 GeV, mahali pa mesoni nyingine iitwayo Bs, nguzo moja imezidi jirani zake kwa matukio matatu, na mwanafunzi mmoja ameshaandika ubaoni kwa chaki nyekundu: "Tumeiona Bs ikivunjika kuwa muoni mbili." Sitaki kumvunja moyo, wala sitaki abaki na lisilo kweli.

Karani_wa_Ghala, Lindi:
Mwalimu, hesabu yenu ni sahihi. Gunia moja la korosho ukilipima mara mia kwenye mizani inayocheza, utapata namba zilizotawanyika, na mtawanyiko huo ni wa mizani, si wa gunia. Kigunduzi hupima momenta kwa kupinda kwa njia ya muoni katika usumaku, na kosa dogo la mpindo ndilo linalotanua kilele. Katikati ya kilele ndiko kwenye tungamo, nako hujulikana vizuri zaidi kadiri matukio yanavyoongezeka.

Bi_Chembe:
Kuhusu Bs, Mwalimu, kati ya kila mesoni bilioni moja za aina hiyo, takriban tatu tu huvunjika kuwa muoni mbili, kwa kuwa kwaki zake hazina njia ya moja kwa moja ya kufanya hivyo. Watafiti wa CMS na wa LHCb, kigunduzi kingine cha CERN, walilazimika kuunganisha data za 2011 na 2012 ndipo wakatangaza, katika makala ya 2015, kwamba wameliona tukio hilo kwa uhakika wa sigma 6.2, yaani uwezekano wa kuwa ni bahati tu ni mdogo mno. Faili lenu haliwezi kulibeba. Tena Bs husafiri milimita chache kabla ya kuvunjika, na watafiti huitambua kwa muoni zinazoanzia kando ya mahali pa mgongano. Mpe kijana kazi hii: achore histogramu ya jozi zenye chaji sawa, ambazo haziwezi kutoka kwa Bs, kisha atazame nguzo zake zinavyopanda na kushuka zenyewe kwa bahati tu.

Mwalimu_Mikindani:
Ahsanteni sana. Tumeichora jana jioni, na nguzo zilizozidi jirani zake kwa matatu, hata manne, zimejitokeza mahali kadhaa. Kijana amefuta sentensi yake mwenyewe, akaniuliza ni matukio mangapi yangetosha. Leo tunaanza hesabu hiyo.