Naomba ushauri: kaka yangu hajalipwa mshahara Qatar

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kufanya kazi Qatar au anayezijua sheria zao za kazi.

Kaka yangu anachomelea mabomba Ras Laffan, kule kwenye mitambo ya gesi. Ameajiriwa na kampuni ndogo iliyopewa kazi na kampuni kubwa. Mkataba unasema riyali 1,400 kwa mwezi, lakini huu mwezi wa tatu hajapata hata senti. Pasipoti yake wanayo wao. Juzi alinipigia kwa video, akanionyesha daftari anamoandika saa zake za kazi kila jioni. Kurasa zimejaa, hakuna siku aliyokosa. Nilishindwa kuongea.

Najua tangu 2020 mfanyakazi hahitaji tena kibali cha mwajiri ili ahamie kwingine, na kima cha chini ni riyali 1,000, mbali na chakula na malazi. Sheria ipo, ila ukiwa kambini ni mambo mengine. Amemfuata msimamizi mara nne, anaambiwa kesho, kesho. Chama cha wafanyakazi hawezi kujiunga, maana kule ni cha raia tu.

Ninachoomba kujua: akipeleka malalamiko Wizara ya Kazi angali kazini, mwajiri anaweza kulipiza kwa kumripoti kuwa ametoroka? Na ile kampuni kubwa, je, inaweza kudaiwa mshahara wake?

Mama bado hatujamwambia. Tafadhali, mwenye uzoefu anijibu.