Je, Pete Maravich alikuwa mchoyo wa pasi?

Swali
Wadau wa mpira wa kikapu, naomba maoni yenu. Katika misimu yake mitatu na timu ya chuo kikuu cha LSU, Louisiana, kuanzia 1967 hadi 1970, Pete Maravich alifunga wastani wa pointi 44.2 kwa mchezo. Hata hivyo, alikuwa akirusha mpira kikapuni takriban mara 38 kila mchezo, na siku alipofunga pointi 69 dhidi ya Alabama, Februari 1970, timu yake ilishindwa kwa 106 dhidi ya 104. Je, huo si ubinafsi?

Jibu la kwanza
Ndugu, kabla ya kumhukumu mtoto, mtazame baba. Kocha wa LSU alikuwa Press Maravich, baba yake mzazi, ambaye aliujenga mchezo wote wa timu juu ya mwanawe. Msimu mmoja kabla ya Pete kuingia timu kuu ya chuo, LSU ilishinda michezo 3 tu kati ya 26, ilhali katika msimu wake wa mwisho ilishinda 22. Mchezaji aliyeagizwa kurusha, akarusha, ametii; mwenye kulaumiwa, kama yupo, ni aliyetoa agizo.

Jibu la pili
Utii haunitoshi, kwa sababu zaidi ya nusu ya mitupo yake haikuingia, na mchezaji anayekabwa na watu wawili daima huacha mwenzake mmoja bila mlinzi. Novemba 2008, timu ya chuo cha Loyola ya Maryland ilimwekea Stephen Curry, nyota wa timu ya chuo cha Davidson, walinzi wawili mchezo mzima; naye akasimama pembeni, wenzake wakacheza wanne dhidi ya watatu, na Davidson ikashinda 78 kwa 48 bila yeye kufunga hata pointi moja. Maravich, ambaye pasi zake za nyuma ya mgongo zilisifiwa kote, bila shaka alimwona mwenzake aliye huru. Aliyeona akanyima ndiye mchoyo.

Jibu la tatu
Mfano wa Curry ni mzuri, lakini ni wa mchezo mmoja, tena alikuwa na wenzake waliokuwa wamefika robo fainali ya taifa miezi michache kabla. Kumpa mpira mwenzako aliye huru kuna faida iwapo tu anaweza kufunga. Mimi ningetaka kwanza kujua wenzake Maravich walifunga mingapi kati ya mitupo waliyoachiwa.

Muulizaji
Nashukuru. Hapo kwa Press sikuwa nimepafikiria kabisa.