Kikundi cha Familia, Ujiji: Mama Ahamie Dar?

Kaka Athumani (Dar): Asalaam aleykum wote. Shikamoo Shangazi. Nina jambo. Mimi na shemeji yenu tumekaa tukaona Mama aje akae kwetu Mbagala. Hapo Ujiji nyumba imejaa watu wazima wenye nguvu zao, na bado yeye ndiye anayewapikia.

Shangazi Tatu: Marahaba baba. Waaleykum salaam. Mwenyewe umemwuliza?

Kaka Athumani: Nitamwuliza. Nimeanza na nyie.

Shangazi Tatu: Umeanzia mkiani.

Mwajuma: Shikamoo kaka. Nani anapikiwa? Mimi nikitoka sokoni magharibi nakuta maharage yako jikoni, Mama hataki kukaa bure. Nikimwambia apumzike ananuna mpaka kesho yake.

Kaka Athumani: Marahaba. Mwaju sikusemi wewe. Umerudi na watoto wako, ndoa zina mambo yake, hapo ni kwenu. Namsema Hamisi. Miaka 31 bado yuko chumba cha uani.

Hamisi: Shikamoo kaka. Nipo, nasoma.

Hamisi: Tupige hesabu basi. Ukitaka chumba Mwanga, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi. Mimi hela yangu ni ya dagaa. Kukiwa na giza tunaingia ziwani, mbalamwezi ikishakuwa kubwa mitumbwi inalala Kibirizi na mimi nalala. Mwaka 2024 ziwa lilipopumzishwa, Mei 15 mpaka Agosti 15, ningekuwa nimepanga godoro langu lingekuwa barabarani.

Dada Rehema (Tabora): Hilo kweli. Ila na wewe Hamisi unapenda kujitegemea kwa mdomo 😂 Mnakumbuka sensa ya 2022? Karani anauliza nani kalala hapa kuamkia Agosti 23, nani anakula hapa. Hamisi kajitokeza, ana jiko lake la mkaa, aandikwe kaya yake. Mama akatoka ndani: "Jiko analo, sufuria anaazima kwangu. Mwandike humuhumu."

Mwajuma: 😂😂 Na karani akaandika humuhumu.

Dada Rehema (Tabora): Na matokeo yalipotoka wastani wa nchi nzima ukawa watu 4.3 kwa kaya. Kwa Mama mnalala saba. Kwangu mimi hiyo saba siyo tatizo, tatizo nani anatoa nini.

Kaka Athumani: Hoja yangu ni afya ya Mama. Ana miaka 74.

Hamisi: _Ujumbe huu umefutwa_

Shangazi Tatu: Nimeshausoma. Hamisi, huyo ni kaka yako.

Hamisi: Samahani kaka. Nilitaka kusema tu, mfungo uliopita Mama alipoteleza njia ya chooni saa nane usiku, mimi ndiye niliyesikia kishindo. Dirisha langu linatazama hukohuko.

Kaka Athumani: Hilo nakushukuru.

Mwajuma: Tukiwa kwenye ukweli tuongee na LUKU. Mwanzo wa mwezi naweka ya elfu tano, inakatwa kodi ya jengo 1,500, zinabaki uniti za kuhesabu kwa kidole. Halafu friji la barafu la Hamisi linaunguruma usiku kucha. Barafu anauza mwaloni, umeme nalipa mimi.

Hamisi: Nilinunua mwezi wa jana!

Mwajuma: Ya elfu mbili.

Salha: Shikamooni wote. Bibi kasema niandike kama anavyosema. Mbagala haendi kuishi. Alipokuja mara ile mlikuwa mnatoka alfajiri mnarudi isha, geti limefungwa, anaongea na televisheni. Atakuja kwa treni baada ya Idi, wiki mbili, na tiketi ya kurudi aione kabla hajapanda. Hamisi asifukuzwe, akioa atatoka mwenyewe. Na anayeona huruma na afya yake amjengee choo cha ndani.

Shangazi Tatu: Haya. Mwenye nyumba kasema.

Kaka Athumani: Sawa Mama. Choo nitatoa mimi. Hamisi tafuta fundi, nitumie makadirio.

Hamisi: Fundi yupo Gungu. Ila choo kitakula nafasi, na chumba kinachopakana na cha Mama ni cha Mwaju na watoto.

Dada Rehema (Tabora): Mwaju na watoto wahamie uani. Hamisi sebuleni na Iddi.

Hamisi: Sebuleni?? Dirisha la kumsikia Mama je?

Shangazi Tatu: Choo kikiwa ndani utasikia nini huko nje?

Hamisi: Haya, nakubali. Ila friji linabaki uani, sebuleni halienei.

Mwajuma: Mimi na watoto wangu hatulali na friji. Linatoka.