Naombeni ushauri, narudi Auroville na bi mkubwa kagoma

Wakuu habari zenu, niko hapa Moshi, mwezi ujao Mungu akipenda narudi Auroville kule India, Tamil Nadu, ile jamii ya kiroho iliyoanzishwa 1968, niliwahi kujitolea pale shuleni na watoto walinizoea balaa, niliwafundisha rede mpaka wakawa wananitwanga mpira wa mgongo bila huruma 😂. Saivi washakuwa wakubwa. Wazazi wao nawabebea kahawa ya kwetu na khanga, ila hawa madogo niwapelekee nini kisichomaliza kilo za begi? Halafu bi mkubwa hataki hata kusikia, eti naenda kuabudu Matrimandir, lile jengo la pale Auroville lenye umbo la tufe la dhahabu, wakati mle watu wanakaa kimya tu, hamna ibada wala nini. Mlio na wazazi wa hivi mliwaeleweshaje jamani?