"Halafu" zimejaa kwenye insha: viunganishi mnavifundishaje?

mwl_darasa6_Kilwa
Walimu wenzangu, naomba msaada. Jana nimesahihisha insha za "Siku ya Idi", madaftari 61. Katika daftari moja, ukurasa mmoja tu, nimehesabu "halafu" 14: "Halafu tukaenda kuswali halafu tukarudi halafu tukala pilau halafu..." Mtoto huyuhuyu akikusimulia kwa mdomo, unasikia hata harufu ya pilau. Akishika kalamu, basi. Niliwaandikia ubaoni orodha ya viunganishi, wakaikariri yote. Insha iliyofuata: "Licha ya mvua ilinyesha tulicheza." Imeniuma, maana kosa naliona ni langu. Nyie mnaanzia wapi?

bibi_sarufi
Pole na kazi, Mwalimu. Hebu itazame tena sentensi yake: tukaenda, tukarudi, tukala. Hiyo -ka- tayari inaunganisha! Mpe penseli akate kila "halafu", kisha asome kwa sauti: "Tulikwenda kuswali, tukarudi, tukala pilau." Atasikia mwenyewe. Na "licha ya" hufuatwa na nomino au kitenzi-jina: "licha ya mvua", "licha ya mvua kunyesha". Akitaka "mvua ilinyesha" ibaki ilivyo, mpe "ingawa".

mwl_Likoni
Orodha iache kwanza. Mimi huandika sentensi mbili ubaoni: "Asha alilia. Mama yake alirudi." Kisha nabadilisha kiungo. "Asha alilia ingawa mama yake alirudi." "Asha alilia kwa sababu mama yake alirudi." Hii ya pili ilizua ubishi darasa zima: alie kwa nini, na mama karudi? Mmoja akasema labda kavunja sahani. Hapo ndipo wanapoona kwamba neno moja limeleta kisa kingine. "Bali" na "wala" nawafundisha siku yao peke yake, kwa kuwa hutanguliwa na ukanushi: "Hakulia bali alicheka."

mwl_darasa6_Kilwa
Ahsanteni sana. Leo nimempa yule mtoto penseli. Alikata "halafu" zote akabakiza moja, kisha akaongeza mwenyewe, bila kuambiwa: "...tukala pilau, ila babu hakula kwa sababu jino lilimuuma." Babu huyo kwenye insha ya kwanza hakuwemo.

Sasa nina "ili". Wananiandikia "alikwenda ili anasoma" badala ya "ili asome". Bibi, hapo naanzaje?