Ushauri: Mage wa Hardcore, barafu au moto, kwa mtu mwenye intaneti ya kubahatisha?

Mbilikimo_wa_Mwanza:
Wakuu, heshima kwenu.

Nacheza World of Warcraft Classic, gemu la mtandaoni la kompyuta, seva ya Hardcore ya Ulaya. Kwa wasioijua, seva rasmi za namna hii zilifunguliwa Agosti 2023 na sharti lake ni moja tu: ukifa umekufa. Maiti unaweza kuihamishia seva ya kawaida ukaendelea nayo huko, lakini kwa Hardcore ndiyo basi tena.

Mage (mchawi) wangu wa kwanza alifika levo 34. Alikuwa wa moto, pointi zote 25 za talanta (za kuongezea uwezo) nilimwaga tawi la Fire. Wiki mbili zilizopita nipo Stranglethorn Vale nawinda chui wa yule mzee wa kambini. Nimerusha Fireball ya kwanza, naandaa ya pili, picha ikaganda. Chui anakimbia lakini hasogei. Intaneti iliporudi nikakuta chui ni wawili na dunia imekuwa ya kijivu. Wife kaja kuniuliza mbona nimeshika kichwa, nikamwambia nimefiwa. Ikabidi nieleze marehemu ni nani, na hapo ndipo nilipokosea.

Sasa nina mwingine, Gnome tena, levo 24. Pointi zake 15 nimezigawa ovyo huku na huku, nipo tayari kumlipa mkufunzi dhahabu 1 zirudi zote nianze upya.

Hali halisi: natumia hotspot ya simu. Pingi (milisekunde mtandao unazochelewa) ikitulia ni 190, ikichafuka inapita 400. Umeme ukikatika laptop inanipa kama saa moja. Nacheza peke yangu kuanzia saa 4 usiku watoto wakilala. Ndoto ni levo 60, na Mungu akijalia niione Molten Core, lile pango la mabosi wakubwa, kwa macho.

Niende tawi lipi la uchawi: Frost (barafu), Fire (moto) au Arcane? Naomba sababu, siyo "Frost ndiyo bora" halafu mtu anapotea. Nawasilisha.

Kiti_Moto_77:
Ngoja waje wajuzi. Nimetandika mkeka.

Dogo_Janja_Tbt:
Kwa intaneti hiyo acha Hardcore mkuu, cheza bao.

Bi_Barafu:
Pole kwa msiba. Mimi wameondoka wawili: mmoja levo 19 ndani ya danjoni (pango la maadui) la Deadmines kwa kiherehere changu, mwingine levo 46 kwa umeme. Naongea kama mfiwa mwenzio.

Watakuja watu kukulinganishia demeji, yaani nguvu ya mapigo. Kwa hali yako demeji ni swali la tatu au la nne. Swali la kwanza ni hili: picha imeganda sekunde nane, mkono wako haupo, nini kinakulinda? Ice Block, kujifungia ndani ya barafu, ni tamu sana, sekunde 10 hakuna anayekugusa, lakini lazima uibonyeze. Blink, ile ya kuruka mbele ghafla, lazima uibonyeze. Mtu aliyekatika mtandao habonyezi kitu. Kinachobaki ni kile ulichokwisha kukiweka kabla hujakatika, na hapo ndipo moto unapokutupa.

Fireball ikimpata chui anaungua kidogo huku anakuja kwa mbio zake zote. Frostbolt ikimpata anapungua mbio asilimia 40, ukiwa na Permafrost kumi nyingine, na ubaridi wenyewe unakaa sekunde 3 zaidi. Halafu kuna Frostbite: pointi 3, na kila ubaridi unaomwingia adui una nafasi ya asilimia 15 ya kumgandisha kabisa. Ongeza Frost Armor, ambayo ni ya Mage wote: anayekupiga kwa mkono anapungua mbio na hata mapigo yake yanachelewa. Ukifika 40 unapata Ice Barrier, ngao unayoivaa KABLA ya kuanzisha ugomvi, inakaa dakika nzima. Hivyo vyote vinafanya kazi wewe ukiwa unapunga simu dirishani kutafuta mnara.

Pointi zako 15 zigawe hivi: Improved Frostbolt 5, Frostbite 3, Permafrost 3, Improved Frost Nova 2, Elemental Precision 2. Levo 25 mpaka 29 zote tia Shatter. Levo 30 chukua Ice Block. Levo 31 mpaka 35 Ice Shards. Kisha Cold Snap 1 na Improved Blizzard 3, na levo 40 ngao yako hiyo hapo. Hesabu inakaa sawasawa, haizidi wala haipungui.

Shatter usiichukulie poa. Adui aliyeganda, nafasi yako ya kriti (pigo la bahati lenye nguvu zaidi) inapanda asilimia 50. Frost Nova (inagandisha walio karibu nawe), rudi nyuma hatua, Frostbolt, na ikiwa Ice Shards zimejaa, kriti ni mara mbili badala ya moja na nusu. Chui hajui kilichompata.

Moto_wa_Mabua:
Haya, wa barafu wameshawahi. Niruhusuni nimtetee marehemu.

Mkuu wewe hukuuawa na moto, umeuawa na hotspot. Hata Mage wa Frost, chui wawili wakimkuta amesimama kama nguzo ya umeme, watamtafuna, watachelewa tu kidogo. Frost Nova, Blink, Polymorph (kumgeuza adui mnyama) ni za Mage wote. Moto unamaliza adui mapema, na aliyekufa hapigi mtu. Fireball inachukua nguvu yote ya vifaa vyako, asilimia mia; Frostbolt inachukua kama 81 tu, imekatwa kodi kwa sababu ya huo ubaridi mnaousifia. Masafa yake 35, Frostbolt 30. Pyroblast ya kufungulia ugomvi unaipata mapema, na Impact inaweza kumpiga adui butwaa.

Levo 1 mpaka 60 nimepita na moto, seva hiyohiyo ya Hardcore. Yupo hai.

Bi_Barafu:
@Moto_wa_Mabua pingi yako ngapi?

Moto_wa_Mabua:
38. Nipo Ujerumani.

Kiti_Moto_77:
😂😂😂 Uzi ufungwe.

Bi_Barafu:
Na jina lako lenyewe linasema. Moto wa mabua hauchelewi kuzima.

Lakini kwenye hesabu hajadanganya. Vifaa vikiwa vizuri moto unapiga zaidi, sibishi. Tatizo ni kwamba anayecheza kwa 190 anapoteza kidogo kila mahali: Frost Nova uliyoibonyeza inafika imechelewa, adui unayemwona hatua kumi yuko hatua saba. Ule ubaridi wa asilimia 40 ndio unaokulipia deni hilo. Kodi ya 81 ni bima tu, lipa.

Mbilikimo_wa_Mwanza:
Mkuu Bi_Barafu shukrani sana. Hilo la "mkono wako haupo" limenigusa, sikuwahi kulifikiria hivyo. Arcane je? Nimeona watu wanaitaja sana.

Bi_Barafu:
Ni dada, siyo mkuu, lakini haina neno.

Arcane kwenye Classic ni mboga, siyo ugali. Silaha yake kubwa ya kupandia levo ni Arcane Missiles, ambayo inabidi usimame uitiririshe, na inakunywa mana (nguvu ya kurushia uchawi) kama jenereta. Watu wanaitaja kwa sababu ukishakuwa 60 na pointi 51 unachota pale juu kidogo: Arcane Concentration, ambayo inakupa nafasi ya asilimia 10 ya kurusha uchawi unaofuata bure. Kabla ya hapo usiiguse.

Na ukishasema mana, nunua fimbo ya kufyatulia. Mana huanza kurudi vizuri sekunde 5 baada ya kurusha uchawi wa mwisho, kwa hiyo adui akibaki na uhai kidogo mmalizie kwa fimbo, hiyo saa inaanza kuhesabu ungali kazini. Mafundi wa Enchanting wanakutengenezea Greater Magic Wand, levo 13 unaishika. Wengi wanaidharau.

Baharia_wa_Muttrah:
Assalaam alaykum. Nipo Muscat, nimeona mtu kataja Molten Core nikaamka.

Yakhe, hapo huna la kuchagua. Bosi wa humo Ragnaros moto haumwingii hata chembe, mwenzake Baron Geddon vilevile. Mage wa moto ndani ya Molten Core ni mpishi wa maji ya wenzake. Kule tunaingia na Frost sote, tunamjazia bosi Winter's Chill mara tano, kila moja inaongeza kriti ya barafu asilimia 2, jumla 10 kwa kila Mage aliyepo. Mambo yanageuka ukifika reidi ya Ahn'Qiraj na kuendelea, maana maadui wengi kule hawana kinga ya moto na Ignite, talanta ya Fire, ndipo inapokuwa balaa: asilimia 40 ya kila kriti inaendelea kuunguza sekunde 4, Mage wote wanaijaza moja hiyohiyo. Lakini kwa Hardcore sikiliza vizuri: Ignite ni ya yule aliyeianzisha, na hasira ya bosi inamwendea yeye peke yake. Wenzako wanapiga kriti, bosi anakugeukia wewe. Nimemwona kijana wa watu akifa hivyo, amefanya kila kitu sawa.

Jambo la pili. Utaona mitandaoni mipangilio ya pointi kwa reidi (uvamizi wa timu kubwa), maarufu ni 31/0/20, yaani Arcane/Fire/Frost, 31 Arcane upate Arcane Power, asilimia 30 zaidi ya demeji kwa sekunde 15. Ukinakili hiyo kwa Hardcore umejichongea. Ice Block ni pointi ya 21 kwenye Frost. Kwa 20 huifikii! Unaingia kwa Ragnaros bila Ice Block na bila Ice Barrier kwa ajili ya sekunde 15 za kujidai. Wewe kaa 17/0/34, kila kitu unacho.

Na Elemental Precision ijaze mpaka 3. Dhidi ya bosi uchawi wako unampata mara 83 tu kati ya mia kabla ya vifaa. Pointi tatu hizo zinakupa 6, vifaa vitafute 10, umefika 99, na juu ya hapo haipandi.

Moto_wa_Mabua:
Hilo la Ignite na hasira nimelikubali, nimenyoosha mikono. Ila nitamwongezea kitu kimoja bila ubishi: dawa ya hotspot siyo talanta peke yake. Usianze ugomvi bila kuangalia nyuma yako. Mara nyingi anayeua ni adui wa pili aliyekuwa anazurura, yule wa kwanza ungemmudu. Mvute adui mmoja mpaka sehemu uliyokwisha kuisafisha, upiganie hapo. Ukikatika, unakatika mbele ya mmoja.

Bi_Barafu:
Hapo umenena.

Kamanda_Ndizi:
Mimi swali dogo. Nimeona video za Mage wanakusanya adui ishirini wanawamwagia Blizzard, ile mvua ya barafu, levo zinapanda kama lifti. Kwa Improved Blizzard 3 aliyotajiwa hapo juu si anaweza?

Bi_Barafu:
ASIJARIBU. Hizo video mkono unabonyeza Frost Nova, Blink, Blizzard, Cone of Cold kwa mpangilio usiokosea hata nusu sekunde. Kwa pingi 190 ni kujichimbia. Improved Blizzard nimeiweka kwa ajili ya danjoni, upunguze mbio za wanaomkimbilia mtoa tiba.

Baharia_wa_Muttrah:
Na asije akadhani Blizzard wenyewe, namaanisha kampuni, watamrudishia. Mwaka 2025 waliwafufua waliokufa seva ziliposhambuliwa, lakini hilo lilikuwa tatizo la upande wao. Hotspot yako ni yako.

Dogo_Janja_Tbt:
Nasisitiza bao. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika bao liliendelea kama kawaida.

Mbilikimo_wa_Mwanza:
😂 Dogo usinitie majaribuni.

Wakuu na dada yangu Bi_Barafu, nimefanya kazi. Dhahabu 1 nimelipa, pointi 15 zimekaa kama zilivyoelekezwa. Jana saa 5 usiku nilikuwa Duskwood napambana na mbwa mwitu, mmoja tu, sehemu niliyoisafisha kama alivyosema Moto_wa_Mabua. Frostbolt ya pili imeondoka, picha ikaganda. Nikaweka mikono mezani, nikawa naangalia dari.

Iliporudi nimebaki na uhai kama robo, mbwa yupo mbele yangu anang'ata polepole kama mzee asiye na meno, Frost Armor imemshika. Frost Nova, hatua mbili nyuma, Frostbolt, kriti.

Nimeamsha nyumba nzima kwa kelele. Swali lililobaki ni moja, na siyo la talanta: kuna mtu anatumia UPS (betri ya akiba) ndogo ya kushikilia ruta peke yake? Wife amekubali niweke intaneti ya nyumbani, kwa sharti nisimwambie tena kwamba nimefiwa.

Bi_Barafu:
Ninayo mimi. Yangu inashika ruta kama saa tatu, laptop nakaa na betri yake. Njoo PM nikuelekeze, na ukifika 30 usisahau Ice Block, usije ukaniletea habari za Pyroblast.